Hesabu Iliyoishia Mbili

Manundu, Korogwe
Jumapili, 9 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa Deogratius,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Rosina na wote mlio nao hapo Handeni. Goti la wifi linaendeleaje? Mwambie aache kung'ang'ania kusimama mstari wa mbele kwaya, Mungu anawasikia hata wanaoimba wamekaa. Sisi huku hatujambo. Mvua za mwisho zimeniharibia vitambaa vya mteja kwa sababu ya lile bati ulilosema utalishughulikia tangu Krismasi, lakini cherehani inazunguka, na mdomo wangu unaujua, haujawahi kuugua.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Nimefanya makusudi. Kwenye simu ukikasirika utakata, kisha utasema mtandao ulisumbua. Barua haikatwi. Unaweza kuichana, lakini nakufahamu, mwalimu mkuu mstaafu hachani karatasi kabla hajaisoma yote na kusahihisha makosa. Basi chukua kalamu yako nyekundu, ukae.

Ninachotaka kukueleza ni habari ya arobaini ya baba, Jumamosi ya tarehe 22. Lakini siwezi kufika huko bila kupita kwanza kwenye banda la video la Kaleb, lile lililo mkabala na kibanda changu cha ushonaji. Najua umeshakunja uso. Mimi mwenyewe banda lile nalidharau kwa moyo wote, na nataka ujue hivyo kabla sijaendelea.

Kila Jumamosi saa kumi, Kaleb anafunga pazia la gunia mlangoni na kuwaonyesha watu wazima mieleka ya Wamarekani. Si mieleka ya kweli kama ile ya utotoni pale Mazinde, ambayo mtu alirudi nyumbani bila jino. Hii ni ya kupangwa. Ngumi inapita mbali na shavu, na mwenye shavu anaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Refa analipwa kuwa kipofu: kiti kikiinuliwa kumpiga mtu mgongoni, yeye ndipo anapokumbuka kufunga kamba za viatu. Aliyezimia dakika nzima anaamka na kukimbia kama mtu aliyesikia kengele ya chakula. Na mavazi yao sitaki hata kuyasema. Bwana wa kilo mia na thelathini kavaa chupi inayong'aa, mshono wa kiunoni umepinda, pindo halijarudiwa. Mimi nguo kama ile nisingethubutu kumkabidhi mteja mchana.

Kaleb ndiye anayetafsiri. Kiingereza chake kinaishia kwenye yes, kwa hiyo anatunga tu. Majina ya wale watu kayatupa yote, kawabatiza upya. Yule mkubwa mwenye upara anamwita Mnyapara. Yule mzee kidogo anayepigwa kila juma anamwita Kibarua. Hadithi nzima ya Wamarekani kaigeuza kuwa ugomvi wa shamba la mkonge, Mnyapara kamnyima Kibarua siku zake za kazi, na watazamaji wanaamini. Watu hawa hawa ambao kwa mchinjaji wanakagua mzani mara tatu, wanasimama juu ya mabenchi kumpigia kelele Kibarua atazame nyuma yake, kwenye picha iliyorekodiwa mwezi uliopita. Ujinga wa namna hiyo ukiupanda unaweza kuota.

Sasa sikiliza. Ulikuwa ukipiga simu Jumamosi jioni kumwulizia baba, nami nikikujibu kwamba yuko kwenye sala za jumuiya. Hakuwa jumuiya. Alikuwa kwa Kaleb, benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti, na aliyekaa ubavuni mwake kumshika asianguke akishangilia ni mimi. Tulifanya hivyo miaka miwili. Nilikudanganya kwa sababu nilijua utakavyosema, kwamba mzee wa kanisa anashinda na wahuni, na kwa sababu niliona aibu. Mwanamke wa umri wangu, mwenye kitenge cha akina mama Wakatoliki wa WAWATA kabatini, anaonekana akitoka chini ya gunia la Kaleb.

Siku moja nilichoka, nikamwambia baba kwamba wale watu hawapigani, wamepatana, na kila mtu anajua isipokuwa yeye. Alicheka mpaka akakohoa. Akaniuliza kama nadhani mtu aliyekata mkonge miaka thelathini na mmoja hajui tofauti ya aliyepigwa na ambaye hakupigwa. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka kama yalivyotoka:

"Usimtazame anayepiga, Fausta. Kupiga kila mpumbavu anajua. Mtazame anayeanguka."

Akanieleza polepole, kama unavyomweleza mtoto mzito. Kwamba mtu mkubwa vile hanyanyuliki asiporuka mwenyewe. Kwamba anayetupwa ndiye anayefanya kazi: anatanguliza mkono mzima, kiganja mpaka kwapani, kidevu kakibana kifuani, na mwenziwe aliyemshika anamtua, hamtupi. Wanatukanana juma zima, akasema, halafu mmoja anaweka shingo yake mikononi mwa mwingine. Na hakuna anayetupwa bila kuambiwa mapema. Baba alisema huo ni utani tu, wala si kitu kigeni, ni kama yeye na Shida.

Shida unamjua, lakini nakukumbusha kwa sababu wewe ulikwenda bweni mapema na utani uliusomea kwenye kitabu cha uraia. Babu yetu alipokuja kutoka Tabora kukata mkonge, Mzigua wa kwanza kumtukana kwamba Wanyamwezi wanakula panya ni babu yake Shida, na ndiye huyo huyo wa kwanza kumpa ugali. Tangu hapo matusi yamerithiwa kama shamba. Mama alipofariki, Shida alilala kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe kuku, na baba, aliyekuwa hajala siku mbili, akacheka. Wewe ulichelewa msiba ule, basi la Handeni liliharibika, hukuyaona.

Narudi bandani. Niliendelea kudharau, lakini nikaanza kumtazama anayeanguka. Hapo ndipo niliponaswa, na sikufichi, nilijidharau zaidi ya nilivyomdharau Kaleb. Majuma kumi na moja Mnyapara alimpiga Kibarua. Kila mara anamlaza chali, mabega yote mawili chini, refa anapiga sakafu kuhesabu. Akifika tatu, kwisha. Na kila mara moja ikipita, mbili ikipita, Kibarua anainua bega kidogo tu. Hiyo mbili ndiyo inayowamaliza watu pale, kaka. Banda zima linanyamaza mkono wa refa ukiwa hewani. Juma la kumi na mbili Kibarua akamlaza Mnyapara, ikahesabiwa tatu, na baba akasimama bila fimbo. Nilimwambia kwamba mtu anayeweza kushinda juma la kumi na mbili angeshinda la kwanza tukarudi nyumbani. Akanijibu kwamba ndiyo maana mimi nashona sare za shule.

Basi tufike Mazinde, siku ya mazishi.

Ulichokiona wewe ni hiki. Padri kamaliza kubariki kaburi, jeneza liko juu ya mbao, na Shida, mzee wa miaka sitini na nane, kanzu imejaa vumbi, anajipenyeza, anapiga magoti, anapiga jeneza la baba kwa kiganja. Moja. Mbili. Kisha anabaki na mkono hewani, anatazama jeneza, anangoja. Watu wa Manundu walioijua Jumamosi ya baba walishikwa na kicheko na machozi pamoja. Wewe uliona mlevi anachezea maiti ya baba yako. Ukaja ukamsukuma kwa mikono yote miwili, akavuka lundo la udongo, akaviringika, akarusha miguu juu, akalala chali akilia kwamba Mnyamwezi amefufuka. Makaburi yote yakacheka. Nawe, ukiona umechekwa, ukamwambia asikanyage tena msiba wetu, hata arobaini. Jioni ukaniambia Shida ni mwongo wa kujiangusha, umemgusa tu akajitupa ili akuaibishe. Ukaniuliza kama sikuona. Nikasema niliona, ni mhuni. Nilitamka hivyo, kaka, mdomo huu huu.

Sasa nikuambie nilichokiona mimi. Nimetazama watu wakianguka kwa miaka miwili. Anayejiangusha hatangulizi kiganja kimoja na kukaza kiwiko. Shida alianguka vibaya. Alianguka kama mtu aliyesukumwa kweli wakati hakujiandaa, na ile miguu aliirusha baadaye, akiwa ameshafika chini. Kwenye chakula alikaa nyuma ya turubai, mkono wa kulia kauficha ndani ya kanzu, sahani ya pilau mapajani, haigusi. Walipomhimiza alisema ameshiba. Mtani Mzigua, kwenye msiba wa Wanyamwezi, ameshiba. Shida ni Mwislamu wa kweli, hawezi kula kwa mkono wa kushoto mbele za watu, na wa kulia ulikuwa umekufa. Nilimwona na nikapita na jagi la maji.

Siku tisa baadaye alikuja kibandani kwangu na kanzu begani. Alitaka nipanue mkono mmoja upite hogo, lile plasta gumu la hospitali, kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko. Mifupa miwili. Nyumbani kwake kasema aliteleza msalani. Mahindi yake kule Sindeni yamekauka, anavuna kwa kushoto, gunzi moja moja, na wanawe wakimuuliza anawaambia uzee. Nikamuuliza kwa nini hakusema kweli. Nakuandikia jibu lake lilivyo, ulisome mara mbili:

"Kaka yako alinisukuma kama mtu asiyetaniwa. Ningelala kimya pale chini, watu wangeona kampiga mtani juu ya kaburi la babaye. Kwa jambo hilo angeimbwa mpaka na wajukuu. Nikarusha miguu wacheke."

Kicheko kile kilichokukasirisha, kaka, ndicho kilichokusitiri. Alikununulia kicheko hicho kwa mkono wake. Na wewe mpaka leo unamwita mwongo wa kujiangusha.

Ningeweza kuishia hapo, nikakuacha wewe na mzigo wote. Nilikusudia hivyo, barua ya kwanza niliyoiandika iliishia hapo, nimeichoma. Nyani haoni kundule, na mimi nimekaa majuma manne nikidharau kila mtu wa Korogwe ili nisimtazame mmoja.

Ni mimi niliyemtuma Shida.

Juma la mwisho, baba akiwa hawezi tena kukaa, aliniambia nimwambie Shida amhesabie kama refa siku ya kuzikwa kwake. Akasema mbili asiikimbize, ampe nafasi. Nilicheka, nikatoka nje nikalia, kisha nikaenda kwa Shida. Shida alikataa. Ndiyo, yule unayemwita mhuni alikataa. Alisema mtoto mkubwa wa mzee ni mtu wa chaki, utani haujui, atachukia. Nikamsihi. Akasema sawa, kwa sharti moja: Deogratius aambiwe mapema, ili akifika mbili, Deogratius mwenyewe aje, amkamate bega, amtoe kando kwa mzaha, aseme bado baba hajashindwa. Halafu yeye arudi amalizie tatu, tuzike. Akaniambia hakuna anayetupwa bila kuambiwa, kama vile alikaa benchi moja na baba. Nikamwahidi kwamba nitakuambia.

Sikukuambia. Ulilala hapa kwangu usiku wa kuamkia mazishi, tulikunywa chai meza moja, na sikukuambia. Kwa sababu ningeanza kusema mieleka ungeniuliza baba aliijulia wapi, na ningelazimika kukiri kwamba miaka miwili ya jumuiya ilikuwa uongo. Nililinda kitenge changu cha WAWATA. Ndicho nilichokilinda, si kingine.

Kwa hiyo pale kaburini, mkono wa Shida ulipobaki hewani, alikuwa anakungoja wewe. Akakuona unakuja. Akaamini ndiyo tulivyopatana, na akajilegeza mwili mzima, kama Kibarua anavyojilegeza mikononi mwa Mnyapara. Ndiyo maana mifupa ilivunjika. Mtu anayejihami havunjiki vile. Wewe ulisukuma bila kujua, yeye alianguka kwa kuamini, na mimi niliyejua yote nilisimama kando nimeshika shada la maua. Katika watu watatu wale, anayestahili dharau usimtafute mbali.

Na hesabu iliishia mbili. Baba kazikwa hajahesabiwa tatu. Najua utasema hayo si mafundisho ya Kanisa, na kweli si mafundisho, lakini lilikuwa ombi lake la mwisho na bado liko hewani.

Nilimwendea Shida juzi nikamwambia yote, kwamba hukuambiwa, kosa ni langu. Kisha akanitukana, akasema Wanyamwezi tumekula panya mpaka tumepata akili zao, na nikashukuru kwa sababu angenisamehe kwa upole ningejua utani umekufa. Lakini arobaini haji. Anasema aliyemfukuza ndiye mwenye kumwita, na mimi siye niliyemfukuza. Katika hilo hasogei.

Basi ninakuomba, kaka, na unajua mimi siombi ovyo. Mwite. Usitume mtu, usitume ujumbe wa simu, pita kwake Sindeni ukija, kwenye mahindi yake. Na usimwombe radhi. Ukimwomba radhi utamfanya mgeni, na atakudharau, na mimi nitamsaidia. Mtukane. Mwambie hujapata kuona mifupa ya Mzigua, kumbe ni mihogo mikavu. Mwambie Wanyamwezi hatumalizi msiba bila mtu wa kufagia uani. Yeye atajua umesema nini.

Kisha Jumamosi, baada ya misa, tukifika makaburini Mazinde mbele ya ukoo wote na waumini wenzako wote, atakujia. Mkono wa kulia hauna kazi, kwa hiyo atatumia wa kushoto. Akikusukuma kwa huo mkono, kaka, anguka. Anguka chali, mabega yote mawili, na usiinuke mpaka ampigie baba ile ya tatu. Safari hii nimekuambia mapema.

Msalimie sana wifi, na umwambie nitamwekea mchicha wa Bungu aliouomba. Njoo umevaa suruali ya zamani. Ikichanika, kuishona ni kazi yangu, wala sitanung'unika. Mungu akutangulie njiani, akulainishe shingo.

Ni mimi mdogo wako, niliyekudanganya na ninayekupenda,

Fausta Mathias